Kuagiza wimbo wa taarab wa kumuenzi sahibu: unachopata Unguja kwa pesa yako

Anayetaka kumuenzi sahibu yake kwa wimbo, Unguja hakosi pa kupiga hodi. Vikundi vikubwa vipo: Ikhwani Safaa ya tangu 1905 na Culture Musical Club ya tangu 1958. Vipo vikundi vidogo vya watu wanne watano, wengi wao waliopitia Dhow Countries Music Academy, skuli ya muziki iliyoanza 2002. Kidumbak, taarab ya kikundi kidogo chenye ngoma, kipo. Na zipo studio za mtaa wa Ng'ambo ambazo mtu mmoja na kinanda chake cha umeme anakutolea wimbo mzima. Tathmini hii ni ya huduma yenyewe namna inavyotolewa mjini, si ya kikundi kimoja, na hukumu yetu tunaitoa mapema: kwa kazi ya kumuenzi mtu, kundi la wapigaji 5 lililofanya mazoezi 6 linalishinda kundi la watu 20 lililokutana mara 2.

Unachonunua si kitu kimoja. Kuna shairi, kuna naghma, yaani sauti ya kuliimbia, na kuna upigaji, na aghalabu kila kimoja kina mwenyewe. Mtunzi wa shairi huenda akawa mwalimu wa skuli au karani mstaafu asiyejua kushika udi. Anayetia naghma ni mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya kulazwa, au mpiga udi wa kikundi. Mwimbaji huja baadaye. Ukitajiwa bei ya jumla, omba ikatwe vipande vinne: shairi, naghma, mazoezi na siku ya onyesho. Hapo utaona udhaifu mkubwa wa huduma hii ulipo, kwa sababu mara nyingi vipande vitatu vimo na cha mazoezi hakimo kabisa. Wapigaji wengi wana kazi zao za mchana, na mazoezi ni ya usiku baada ya sala ya Isha. Asiyelipwa nauli ya kurudi Fuoni au Bububu saa tano usiku, zoezi la tatu humuoni, wala huna haki ya kumlaumu.

Upande wa mashairi huduma ni ya daraja la juu, na hatuna la kuipunguzia. Utaulizwa habari za sahibu yako, na utakachopata kitalingana na jibu lako. "Mkarimu, mcheshi, anapendwa na watu" halimsaidii mtunzi, maana sifa hizo zinamvaa kila mtu. Mpe vitu vinavyoshikika: kazi ya mikono yake, neno alipendalo, pahala anapokaa jioni kupunga upepo, pishi lake ambalo wengine hawaliwezi, safari aliyoifunga na akarudi nayo hadithi. Vitu 6 au 7 vinatosha beti 4. Tuseme sahibu ni fundi wa kofia za viua. Mtunzi anayejua kazi yake hatoandika "fundi hodari". Atashika sindano:

Sindano yako haina, pupa wala ushindani,
Kiua kimoja jana, leo chengine pembeni,
Na kofia ikafana, ikapendeza kichwani.

Ndilo umbo lililozoeleka: mishororo 3, kila mmoja mizani (silabi) 16, yaani 8 kwa 8, na vina katikati na mwisho. Hesabu mwenyewe kwa vidole kabla ya kulipokea shairi. Panapokosewa sana ni kwenye "m" inayosimama peke yake: "mpendwa" ni mizani 3, m-pe-ndwa, si 2. Anayetunga kwa haraka huandika "Sahibu wangu mpendwa sana" akadhani ametimiza 8, kumbe ni 10. Zile 2 za ziada mwimbaji itabidi azibane pahala, na aghalabu atazibana kwenye neno ulilotaka lisikike kuliko yote.

Kosa jengine ni la mkazo. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache, na naghma ikivuta silabi nyengine neno hupinda. Barabara ya kupitia magari na kufanya jambo barabara vimetenganishwa na mkazo tu. Kwa hivyo shairi lisomwe kwa sauti mbele ya anayetia naghma, watu wawili wamekaa pamoja. Kulituma kwa simu na kungoja wimbo urudi ndiko kunakozaa nyimbo nzuri zisizosikika maneno.

Kisha lisome shairi kwa sikio la jirani. Taarab ya hapa ni sanaa ya fumbo, na msikilizaji wa hapa hakubali kuwa kuna fumbo lisilo na mlengwa. Neno "ushindani" katika mshororo ule wa kwanza, fundi wa pili wa mtaa huo huo atalichukua kuwa ni lake. Ulikusudia kumuenzi mmoja, umempiga kijembe mwengine, na sahibu yako ndiye atakayebaki na jirani aliyenuna. Mtunzi makini ukimwambia atabadilisha papo hapo: "Sindano yako haina, haraka hata ndotoni." Mizani ile ile, kina kile kile, na hakuna aliyeguswa. Kwa vikundi vya rusha roho, taarab ya kisasa ya kucheza, sharti hili litajwe tangu siku ya kwanza, kwa kuwa watunzi wao wamezoea mipasho na kalamu hujiendea.

Jina la sahibu tunashauri lisitajwe wazi. Desturi nzuri ya kale ni kulificha kwa herufi za Kiarabu, mwanzo wake mimu, mwisho wake nuni, au kumuita kwa kitu: ua, lulu, jahazi, ndege. Wimbo wa namna hiyo mwenyewe anajijua, watu wake wanajua, na kikundi kinaweza kuupiga kwenye harusi ya mtu mwengine bila ya tabu. Wimbo wenye jina kamili hupigwa usiku mmoja ukawekwa kabatini.

Sasa naghma, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea bila ya mtu kujua zimekwenda wapi. Utaulizwa kama unataka wimbo wa furaha au wa majonzi, na swali lenyewe hasa ni la maqamu, yaani mpangilio wa sauti ambao naghma inajengwa juu yake. Ajami imechangamka. Nahawandi ina huruma ya mapenzi. Hijazi ina hamu ya kitu kilicho mbali. Rasti imetulia na ina heshima yake, bayati inakaa karibu na moyo, na saba inaliza. Kwa mtu aliye hai na mzima, rasti na bayati hazina mfano. Saba usiikubali hata ukiipenda. Watu watauliza kuna msiba gani.

Lakini rasti na bayati zina sauti zinazokaa kati kwa kati. Bayati ikianzia kwenye re, sauti yake ya pili ni mi iliyoshushwa kwa robo, ambayo si mi kamili wala si mi bemoli (iliyoshushwa nusu sauti). Shingo ya udi ni laini, haina vigawanyo, na ya fidla vivyo hivyo, kwa hivyo kidole kinaifuata sauti mpaka kinaipata. Kanuni ina vibanzi vidogo upande wa vigingi, mpigaji huvinyanyua na kuvilaza kubadilisha urefu wa nyuzi. Akodiani haina njia hiyo. Vipande vyake vya chuma vya ndani vimekatwa kwa nusu sauti na hapana kidole kinachoweza kuvishawishi. Basi akodiani ikipiga mi bemoli, fidla ikapiga mi ya robo, zinagombana. Wageni hawatojua sababu, watasema tu wimbo haukukaa.

Kwa hiyo, kabla ya kukubaliana maqamu, uliza ala zitakazokuwepo. Kama akodiani imo na mwenyewe ndiye roho ya kikundi, chagua nahawandi, ajami au hijazi, ambazo zinapigika kwake. Kama moyo wako uko kwenye bayati, omba akodiani inyamaze pale ubeti unapopita kwenye sauti ya robo na irudi kwenye kiitikio. Vinanda vingi vya umeme vya siku hizi vina sehemu ya kushusha sauti mojamoja kwa robo, ila mpigaji aipange siku ya zoezi la kwanza. Akiitafuta jukwaani, ubeti wa kwanza umeshapita.

Wapigaji 5 tunaowapendekeza ni wa kanuni, udi, fidla, besi na dumbak (ngoma ya mkono), na mwimbaji juu yao. Ukiwa na ziada ya pesa, ongeza nai (filimbi ya mwanzi), kabla ya fidla ya pili. Katika taarab ala zote hufuata naghma moja, kila mpigaji akiitia nakshi zake, na uzuri umo kwenye nakshi hizo. Fidla 4 zilizozoeana ni kama mawimbi ya Forodhani wakati wa kaskazi. Fidla 4 zilizokutana mara 2, kila mmoja anapamba njia yake, na maneno ya shairi yanafunikwa. Unalipia watu wanne ili usisikie kitu.

Nai nayo ina sharti lake. Ni mwanzi wenye matundu, na mwanzi mmoja hautoshi kila pahala pa kuanzia, ndiyo maana mpigaji hutembea na mfuko wa nai kadhaa za urefu mbalimbali. Sauti ya mwimbaji ipimwe kabla ya naghma kuandikwa: aimbe sauti yake ya chini kabisa iliyo wazi na ya juu kabisa asiyoikamia, kisha naghma iwekwe ndani ya mipaka hiyo. Tunalisisitiza kwa sababu mabadiliko ya usiku wa mwisho ndiyo yanayoua nyimbo. Mwimbaji amepata mafua, wimbo umeshushwa sauti mbili, mpiga nai hana mwanzi unaofaa, na udi umepoteza nyuzi zake za wazi zilizokuwa zikiitikia. Kila mtu yupo, wimbo haupo.

Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu kwa sauti moja, na daraja lake limesimama juu ya ngozi. Msimu wa masika ngozi inanyonya unyevu, inalegea, na sauti zote zinashuka pamoja nayo. Mpe mpigaji saa nzima pale pale pa onyesho. Kanuni iliyotiwa sauti chumbani penye kiyoyozi kisha ikapelekwa kwenye uwanja wa Ngome Kongwe usiku, hailingani tena na kitu. Dumbak ya ngozi ya mbuzi huanikwa karibu na moto kidogo mpaka ijibu. Ya ngozi ya plastiki haina haja hiyo, na kwa miezi ya mvua si vibaya kuichagua, ijapokuwa mlio wake ni mkavu.

Kuhusu urefu. Taksim ya kanuni, yaani kanuni peke yake bila ya mdundo, ya dakika 1 inayotangaza maqamu, utangulizi wa ala, beti 4 zenye kiitikio, na ala peke yake baina ya beti: hapo umefika dakika 8 hivi, na ndio kiasi chake. Wanaotaka wa kutumika kwenye simu wakate beti 2. Si dhambi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurikodi 1928, upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika 3 tu, na sanaa haikupungua. Kinachokatwa kiwe beti, si taksim. Bila ya taksim sikio halijatua, na sahibu yako atakuwa bado anaitafuta kofia yake wakati ubeti wa kwanza unapita.

Yupo pia sahibu asiyependa kuimbwa. Kwa huyo agiza bashraf, ala tupu bila ya maneno. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote na wanaoiweza ni wachache, lakini ikitoka vizuri haina mshindani. Ina khana (sehemu) 4, na baada ya kila khana inarudi taslimu, naghma ile ile moja, kama mtu anayetoka akirudi nyumbani kwake. Ndiyo maana inafaa kumuenzia mtu: taslimu iwe yeye, khana ziwe safari zake. Samai inafuata mpango huo huo, ila mdundo wake ni wa mapigo 10: dumu (pigo zito) la 1, taki (pigo jepesi) la 4, dumu la 6 na la 7, taki la 8, kisha mapigo 2 ya kunyamaza. Wapigaji wasiouzoea huyala yale mapumziko 2 ya mwisho, mdundo ukawa wa 8, na fidla zikaanguka. Sikiliza hapo tu kwenye mazoezi. Wakipita salama mara tatu mfululizo, wako tayari.

Studio za kinanda ni rahisi na za haraka, na kwa wimbo wa kupigwa kwenye sherehe ndogo zinatosha. Hatuzipendekezi kwa kumuenzi mtu. Mdundo wa mashine hauvutiki, na taarab inapumua: mwimbaji akichelewesha neno, dumbak inamngojea. Ukiwa na bajeti ndogo, afadhali kidumbak, fidla na besi ya sanduku, ngoma mbili ndogo, mkwasa na cherewa, watu wachache waliozoeana. Ila ujue kidumbak kinaelekea kwenye kucheza. Ukiagiza wimbo wa kutuliza moyo, baada ya ubeti wa pili watu watakuwa wamesimama.

Agizo lifike miezi 3 kabla, na uitazame kalenda ya mwezi mwandamo. Ramadhani vikundi havipigi. Shaaban harusi zimejaa kila mtaa, na Mfungo Mosi kuna maonyesho ya Iddi, kwa hivyo wapigaji wazuri wameshikwa kabla na baada ya mfungo. Miezi hiyo inarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, basi tarehe iliyokuwa shwari mwaka jana isikupumbaze. Februari, Sauti za Busara inawachukua wengi Ngome Kongwe. Malipo tunashauri nusu mwanzo, robo baada ya zoezi la tatu ukiwa umekaa na kusikiliza mwenyewe, na robo usiku wa onyesho. Vikundi vya heshima havikatai mpango huu.

Siku yenyewe, mkae mmekubaliana kuhusu kutunza. Watu wataondoka na noti zao kwenda mbele, na desturi ni kuwa tunzo ni ya mwimbaji na kikundi. Tatizo ni kwamba wakati wa kutunza ndio wakati wa ubeti mzuri, na aliyeenziwa anaona migongo tu. Mkalishe pembeni mwa jukwaa, si katikati ya safu ya mbele, na umwambie kiongozi wa kikundi aurudie muziki wa kati mpaka watu wakae ndipo ubeti wa mwisho uingie. Vikundi vya zamani hulifanya hili bila ya kuambiwa, na ni jambo moja linalotufanya tuwathamini sana.

Akiwa sahibu ameshatangulia mbele ya haki, ngoja. Kwanza idhini ya wafiwa, na kama ameacha mjane, eda ya miezi 4 na siku 10 ipite. Nyumba nyengine hazitaki ala kabisa. Hapo agiza kasida ya kupigiwa dufu, ambayo mtunzi yule yule wa mashairi anaweza kuiandika, kwa lafudhi ya dua badala ya sifa. Aliye hai pia aulizwe kama yu radhi kuimbwa hadharani, khasa akiwa ni Bi mtu mzima mwenye staha yake. Kushtukiza kunapendeza machoni mwa waliopanga tu.

Kwa Pemba, hesabu nauli ya boti mpaka Mkoani au Wete, malazi ya usiku 2 na chakula. Kundi la wapigaji 5 hapa linashinda tena. Kanuni isiwekwe chini na mizigo. Joto na maji ya chumvi vinafungua gundi yake. Ishikwe mkononi na ilipiwe kiti ikibidi. Mafundi wa kuitengeneza Chake Chake usitegemee kuwapata usiku ule, kwa hivyo nyuzi za akiba ziwe seti nzima.

Jambo la mwisho la kudai, na ndilo ambalo vikundi vingi vinatoa kwa upungufu, ni unachobaki nacho. Usikubali rikodi ya simu iliyopigwa na mtu aliyekaa karibu na spika. Taka faili la WAV la wimbo mzima, faili la ala peke yake bila ya sauti ya mwimbaji, shairi lililochapwa na kutiwa tarehe, na naghma iliyoandikwa kwa nota ikiwa mtia naghma anaandika. Asiyeandika, mrikodi akiipiga naghma yote kwa udi peke yake polepole. Hiyo ndiyo nota yake. Kisha muandikiane karatasi moja: nani mwenye shairi, nani mwenye naghma, kikundi kinaweza kuupiga wimbo pengine au la, na nani ataupeleka kusajiliwa COSOZA, chombo cha hakimiliki kilichoundwa kwa sheria ya Zanzibar ya 2003. Karatasi hiyo itiwe saini kabla ya zoezi la kwanza. Baada ya onyesho, wimbo ukishapendwa, kila mtu anakumbuka kivyake.